Darubini ya bunduki iliyotuonyesha mwezi wa Idi kule Nosy Be

Wakuu, heshima kwenu.

Nilimwahidi mzee mmoja wa Nosy Be, Bakoko Madi, kwamba siku nitakayokisimulia kisa hiki sitampamba yeye wala sitajipamba mimi. Mzee ametangulia mbele ya haki, lakini ahadi haikuzikwa naye. Kwa hiyo mtakayosoma hapa ni yaliyotokea, na pale kumbukumbu yangu inapoyumba nitasema.

Kwanza mnijue. Nilizaliwa Mahabibo, mtaa wa Mahajanga, Madagascar, katika familia yenye asili ya Komoro. Kiswahili hiki nilikipata baadaye, nilipohamia Tanga. Mazungumzo mtakayoyaona humu yalikuwa kwa Kimalagasi na Kikomoro; nimeyageuza mwenyewe.

Miaka ile ya mwanzo ya uhuru nilikuwa kijana niliyetoka chuo cha ualimu. Nilifundisha sayansi, na niliamini kwamba taifa jipya litajengwa na watu wasemao kweli.

Msicheke. Bado naamini.

Vazaha, kama tulivyowaita Wazungu, walikuwa wanafunga nyumba zao na kurudi kwao. Kila wiki kulikuwa na baraza fulani iliyojaa vitanda, gramafoni na vyombo vya kuuzwa. Bunduki zilikuwa na masharti yake, sikuzigusa. Lakini darubini inayofungwa juu ya bunduki ya kuwindia, ile ambayo vijana mnaiita scope, ukiifungua skrubu zake inabaki bomba lenye vioo tu.

Nilikwenda polisi na moja mkononi kuuliza kama ni halali kuziuza. Askari aliichungulia, akaielekeza kwenye genge la wauza samaki, akacheka peke yake kwa muda, kisha akanirudishia. Nikachukulia kwamba ni halali.

Wakuu, sijui niwaelezeje furaha ya biashara ile!

Vioo vilivyosagwa ili mtu aue mnyama kutoka mbali, sasa vilikwenda kwa manahodha, kwa wakulima waliochunga nguruwe mwitu wasivamie mihogo, na kwa mama mmoja muuza samaki aliyekaa kibarazani kwake na kujua ni chombo gani kinaingia na shehena nono kabla wenzake hawajajifunga kanga. Nilijiona kama mtu anayepokonya silaha dunia nzima, bomba moja baada ya jingine.

Nilikuwa na utaratibu wangu wa kununua, na wenye kupenda vitu hivi wauzingatie. Naitikisa karibu na sikio, kioo kilicholegea kitajisema. Nainusa, kwa sababu bomba lililoingia unyevu hunuka kama sanduku la nguo za msiba. Naielekeza kwenye ukuta mweupe kutafuta kuvu, ambayo hutambaa juu ya kioo kama mizizi. Mwisho naielekeza bandarini. Nikishindwa kusoma jina la meli, siichukui.

Tatizo likawa moja tu, na sikulifundishwa chuoni.

Ndani ya kila darubini ya bunduki kuna nyuzi mbili nyembamba za waya zilizokatizana, za kulengea shabaha. Wateja wangu wengi walikuwa Waislamu. Mtu anaweka jicho, anarudi nyuma kama aliyeumwa na nyuki.

"Mwalimu, mbona kuna msalaba humu ndani?"

Nilieleza shabaha, nikachora mchoro, nikatoa somo zima. Walinisikiliza kwa adabu, wakaondoka bila kununua.

Ndipo nikashirikiana na Athumani, fundi saa wa Mahabibo, jirani yetu. Alikuwa mcheshi, mwenye vidole kama vya mshona lulu. Alifungua bomba, akakata zile nyuzi kwa koleo dogo, akafunga.

"Nimeisilimisha," akaniambia. "Jina jipya uipe mwenyewe."

Tukawa tunaita hivyo: kusilimisha darubini. Nilizijaribu zote upya baada ya mkono wake. Anga safi, hakuna msalaba. Biashara ikachangamka.

Sasa Bakoko Madi. Bakoko kwetu ni babu. Huyu alikuwa mjomba wa marehemu baba, na aliishi Ambatoloaka, ambayo wakati ule ilikuwa kijiji kidogo cha wavuvi upande wa magharibi wa Nosy Be. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyeaminiwa kuutazama mwezi. Akisema umeandama, habari inapelekwa mjini Hell-Ville, watu wanafungua. Akisema haukuonekana, wanakamilisha siku thelathini.

Lakini macho yalikuwa yanamwacha. Mwaka uliotangulia aliona taa ya meli akaiita mwezi, na nusura watu wafungue na kula mchana wa Ramadhani. Kombo, mpwa wake, aliyekuwa akipeleka habari mjini kwa baiskeli, hakumwacha apumue tangu siku ile. Watu walianza kunong'ona kwamba kazi apewe mwingine.

Alinitumia maneno kupitia baharia: mletee babu yako jicho.

Nilichagua darubini bora kuliko zote, ya Kijerumani, ya mzee mmoja Mfaransa aliyekuwa akiwinda mamba. Athumani akaisilimisha kwa uangalifu wa pekee. Nikapanda meli ndogo ya mizigo mpaka Nosy Be, nikiwa nimeifunga kwenye shati langu la Idi.

Mzee aliipokea kwa mikono miwili. Aliielekeza kisiwani Sakatia, akasema polepole, "Kuna mwanamke anaanua nguo. Moja imemponyoka." Machozi yalimtoka. Mimi pia, na sioni haya kuliandika.

Jioni ya siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani tukaenda ufukweni. Mvua ilikuwa imenyesha mchana ikasafisha magharibi yote. Kijiji kizima kilikuja, wengi wao kwa ajili ya kuiona darubini kuliko mwezi.

"Bakoko," Kombo akasema akiwa ameshika baiskeli, "leo kukipita meli, isalimie tu."

"Wewe tia tairi upepo," mzee akajibu.

Nilikuwa nimemkanya asiielekeze kwenye jua. Akasubiri mpaka likabaki kijisehemu chekundu juu ya maji, akaielekeza pembeni, juu kidogo.

Kisha: "Upo! Wallahi upo! Mwembamba kama ukucha!"

Wakuu, ufukwe ulilipuka! Takbira, vigelegele, watu wakakumbatiana. Kombo mwenyewe akaacha utani, akarukia baiskeli.

Mzee akanipa bomba. "Tazama, mwalimu. Kazi yako hiyo."

Nikaweka jicho. Na kweli, ulikuwepo: mwezi mchanga mweupe, umelala chali kama unavyolala kwetu, pembe juu. Nilifungua mdomo nipige takbira.

Nilikuwa nataka kuushika vizuri zaidi, nikalizungusha bomba kidogo mkononi.

Mwezi ukazunguka nalo.

Nikalizungusha tena, nusu duara. Mwezi ukapinduka, pembe zikatazama bahari kama mwavuli.

Nikafahamu papo hapo. Athumani alikata nyuzi, lakini kipande kimoja kilibaki kwenye ukingo, kikajikunja. Mchana hakikuonekana. Jua la mwisho lilipoingia ndani ya bomba kwa upande, kiling'aa. Tulikuwa tumeung'oa msalaba, na kilichobaki kikawa hilali.

Fikirieni nilipokuwa nimesimama. Watu wanashangilia. Kombo ameshaifikia njia. Nikinyamaza, kisiwa kizima kitafungua kwa ushahidi wa kipande cha waya, na dhamana ni ya mzee. Nikipiga kelele, namvunja mbele ya watu wake, kwa chombo nilichomletea mimi.

Nilimwinamia sikioni. "Bakoko, shika bomba. Tazama tena huku ukilizungusha."

Alifanya hivyo. Niliona mkono wake unazunguka taratibu, halafu unasimama. Akauzungusha kurudi. Jua likamalizika baharini, na nadhani kile kimwezi kilizimika ndani ya jicho lake wakati huohuo, kwa sababu aliishusha darubini bila mimi kusema neno.

Nikamwambia, "Kosa ni letu, mimi na fundi; tuliacha kipande cha waya humo ndani. Nitawaeleza watu mimi."

"Nani alisema ameuona?" akauliza.

"Wewe."

"Basi kaa."

Akampigia Kombo mluzi wa kuitia ng'ombe. Kombo akarudi. Mzee akasimama pale watu walipokuwa wamebanana zaidi.

"Sikuuona mwezi. Nilichokiona ni waya uliomo ndani ya bomba. Kesho tunafunga."

Watu wakageukiana. Kisha Kombo, nani mwingine, akasema, "Mwaka jana taa ya meli, mwaka huu waya. Mwakani utatuletea kijiko!"

Watu wakaangua kicheko. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mzee hakucheka wala hakukasirika.

"Nenda mjini," akamwambia.

"Nikawaambie nini?"

"Waambie Madi hakuona kitu."

"Watakucheka, mjomba." Na safari hii Kombo hakuwa anatania.

"Wacheke. Ila wacheke wakiwa wamefunga."

Kombo alimtazama kidogo, akapanda baiskeli akaenda.

Siku iliyofuata tulifunga. Jioni yake mwezi ulikuwa juu, mnene, kila mtu akiuona kwa jicho lake. Tukala Idi kwa amani. Baadaye nilisikia kwamba imamu wa Hell-Ville, watu walipotaka mtazamaji mwingine, aliuliza ni nani kati yao angeweza kurudi mbele ya kijiji kinachoshangilia na kusema hakuona. Bakoko Madi akaendelea na kazi ile mpaka alipofariki, Kombo akiwa pembeni yake kama macho ya pili.

Athumani nilipomweleza alikaa chini, akashika kichwa, kisha akataka kujua kama hilali ile ilikuwa nzuri. Nikamwambia ilikuwa nzuri mno, na hilo ndilo lililokuwa kosa. Tangu hapo alizitoa nyuzi mpaka mzizi, na mimi nikawa namwambia kila mnunuzi: humu palikuwa na kitu, tumekitoa, itazame hata jioni.

Nilichojifunza ni kwamba kukagua kitu cha mtumba siyo kuangalia alichokiharibu mwenyewe wa kwanza tu. Angalia pia ulichokitengeneza wewe.

Wenye visa vya vitu vya mtumba, au wenye asili ya pande zile, karibuni mchangie na mnisahihishe.

Nami ninaomba jambo moja kwa kila aliyesoma mpaka hapa: ukiuza kitu ulichokifungua, mwambie mnunuzi ulitoa nini ndani yake.