Kambale Waliowaka Moto Sokoni Kasongo

Wakati wa Wabelgiji nilikuwa fundi wa nguo pale Kasongo, kwenye baraza ya duka lililotazama soko. Cherehani yangu ilielekea moja kwa moja safu ya wauza samaki, na katika safu hiyo, mahali ambapo nisingemkosa hata nikifumba jicho moja, alikaa mama mkwe wangu. Aliuza kambale waliokaushwa kwa moshi.

Kwetu mkwe na mama mkwe huoneana haya. Hawatazamani usoni, hawasemezani moja kwa moja, na zaidi ya yote mmoja hali mbele ya macho ya mwenzake. Kwa hiyo tulifanya kazi tukielekeana, kila mmoja akijifanya mwenzake hayupo. Akitaka kuniambia jambo, aliiambia nguzo ya baraza.

"Ee nguzo, mwambie fundi muke wake iko na homa."

Nami niliijibu cherehani: "Cherehani, sema tumesikia."

Chakula cha mchana nilikula ndani ya duka, nyuma ya marobota ya vitambaa, uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa.

Basi siku moja kivuko cha Lualaba kiliinama kikiwa katikati ya mto, na mapipa ya mazutu, yale mafuta ya mashine za kiwanda cha pamba, yakabingirika majini. Baadhi yalipasuka kwenye mawe. Waliokuwa kivukoni walisema maji yaling'aa rangi nyingi kama shingo ya njiwa. Wengine waliona samaki wakielea tumbo juu. Kadiri msemaji alivyokaa mbali na mto, ndivyo samaki wake walivyokuwa wengi.

Kambale wa mama mkwe hawakutoka hapo. Walivuliwa kwenye madimbwi ya juu ya mto, na mazutu hayaogelei kupanda. Hilo alimwambia kila aliyepita, na mwanzoni watu walimsikiliza, wakanusa, wakanunua.

Lililoharibu mambo ni tangazo. Bwana mkubwa wa serikali alimtuma polisi mwenye tarumbeta atangaze sokoni kwamba samaki wote ni wazuri na mtu asiogope. Sasa, watu wa Kasongo walizoea kupigiwa tarumbeta kwa ajili ya kodi, pamba na sindano. Kwa habari njema hawakuwahi kupigiwa.

"Kama samaki ni muzuri, mbona wanatuambia?" akauliza mwanamke aliyeuza vitunguu jirani na mama mkwe.

Ilikuwa Ijumaa, siku ambayo bwana mkubwa, kwa dini yake, hakugusa nyama. Kila Ijumaa mpishi wake alikuja kuchagua samaki. Ijumaa hiyo alipita safu ya samaki bila kugeuza shingo, akaenda kununua mguu wa mbuzi. Nilimwita barazani nikamuuliza imekuwaje.

"Mimi ni mupishi," akanijibu, "si padri."

Kufika adhuhuri soko zima lilikuwa na habari ya mguu ule.

Muuza nyama ya mbuzi alikuwa mtu mchangamfu, na siku hizo uchangamfu wake uliongezeka. Ndiye aliyeleta kipimo. Akasimama na jiko lake la mkaa akasema, "Mazutu inawaka ao haiwaki?" Watu wakasema inawaka. "Basi tuweke samaki kwa moto. Asiye na mazutu hatawaka." Akaweka samaki wembamba wa mwanamke mmoja, wakakauka polepole kwa adabu. Kisha akaweka kambale wa mama mkwe. Kambale ni mnene, mafuta yake yakadondoka kwenye makaa, na moto ukaruka hadi kwenye nyusi za muuza nyama.

"Munaona wenyewe," akasema, akijipapasa uso.

Kila mwanamke pale alikuwa amechoma kambale tangu utoto wake na kuona mafuta yakiwaka. Nilimuuliza muuza vitunguu jambo hilo. Akafikiri. "Ilikuwa inawaka, ndiyo," akasema. "Lakini haikuwa inawaka namna hii."

Tangu hapo kikapu cha mama mkwe kilishinda kimejaa. Kwake haikuwa hasara ya biashara tu. Alikuwa mjane kutoka upande wa Kabambare, na aliachwa kukaa Kasongo kwa sababu ya kazi yake ya sokoni. Mwanamke asiye na kazi mjini alirudishwa kwao, na kwao kulimngoja shamba la pamba la lazima. Pamba hiyo aliilima ujanani, na vidole vya mkono wake wa kuume havikunyooka tena.

Kapita, mtu wa chifu aliyesimamia mambo ya pamba, akapita akakichungulia kikapu.

"Mama, naona umepumzika. Pamba inakuita."

"Iambie ingojee."

"Itangojea mpaka siku ya soko kubwa. Nikikuta kikapu kingali kimejaa, unakwenda."

Mama mkwe alipanga upya kambale wake, kichwa kwa kichwa, kana kwamba kapita alikuwa nzi. Lakini siku hiyo nguzo haikuambiwa kitu.

Mimi nina tabia ya kuuliza. Nilizunguka soko kutaka kujua watu wangemwamini nani. Mama mkwe mwenyewe alikuwa amekula kambale mzima mbele yao. "Anakula biashara yake," wakasema. Muuguzi wa hospitali alikuwa amewanusa samaki na kuwasifu. "Yule anakula mushahara wa serikali." Ombaomba wa karibu na msikiti alikula akaomba wa pili. "Yule angekula hata kapu." Nikamuuliza muuza vitunguu: basi umtakaye ni mtu gani?

"Mutu ambaye akikula anapoteza kitu," akanijibu.

Siku ya soko kubwa ikafika, na kikapu kimejaa. Mke wangu alikuja kumsaidia mama yake kufukuza nzi, kwa kuwa wateja wa kufukuza hawakuwapo. Watu wakakusanyika, wengi kwa kutazama. Muuza vitunguu akaona aseme mzaha.

"Mama, si mukwe wako yule pale? Akule samaki yako hapa, mbele ya macho yako. Tutanunua yote."

Soko likacheka. Ilikuwa kama kusema nitoke uchi. Muuza nyama alicheka kuliko wote, na katika kucheka akajifunga mwenyewe: "Akikula, wallahi, wa kwanza kununua ni mimi."

Haya kati ya mkwe na mama mkwe ina namna ya kuondolewa. Mkwe hutoa kitambaa, mama mkwe hukipokea na kumlisha kwa mkono wake. Lakini hufanywa mtoto wa kwanza akishazaliwa, nyumbani, mbele ya wakubwa, na sisi mtoto hatukuwa naye bado. Mama mkwe alikitazama kikapu. Kisha akainua uso.

"Nguzo, uliza fundi kama iko na kikwembe nyumbani."

Kabla sijaiambia cherehani lolote, mke wangu alikwisha kuondoka. Alirudi na kitambaa kizuri nilichomfichia kwa ajili ya sikukuu, mahali nilipodhani hapajui, akanipa. Nikakiweka mabegani mwa mama yake nikitazama chini. Yeye akaomba bugali kwa mama ntilie wa jirani, akachagua kambale mnene kuliko wote, akamega tonge akanitilia mkononi.

Nimewahi kushona suruali ya polisi aliyesimama nyuma yangu na bunduki akingoja. Haikuwa kazi ngumu kama kumeza tonge lile. Kambale alikuwa na ladha ya moshi, chumvi na kambale.

"Tungojee kidogo," akasema muuza nyama.

Wakangoja. Wakakaa chini wakanizunguka kama wagonjwa mlangoni pa zahanati, ila mgonjwa nilikuwa mimi. Mmoja alinitazama macho. Muuza vitunguu alitaka kuona ulimi. Mwishowe muuza nyama akawasha kiberiti akakiweka mbele ya kinywa changu.

"Puliza."

Nikapuliza. Kikazimika, kama kinavyozimika kwa mtu yeyote.

Kicheko kilichofuata kilimfukuza mbuzi wake mmoja hadi barabarani. Kwa kuwa ameapa, muuza nyama alinunua wa kwanza, akimshika kambale mkiani kwa vidole viwili. Muuza vitunguu akafuata akisema yeye tangu mwanzo hakuwa na shaka. Mikono ikawa mingi kuliko kambale, na mpishi wa bwana mkubwa akagombana na ombaomba juu ya yule wa mwisho.

Nilikuwa bado nimesimama palepale, mikono ina mafuta, nikitazamwa, wakati kapita alipotokea nyuma ya watu akinyoosha shingo. Mama mkwe akanitazama usoni. Akasema nami moja kwa moja, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake.

"Mukwe, sogea. Kapita haoni kikapu."