Mkono Ulioshika Kikombe

Enzi zetu pale Kiirua, shule zikifungwa tulichimba viazi mpaka kucha zinakuwa nyeusi, tukavichoma kwa majani makavu na kuvila na maganda yake. Mtoto wa siku hizi ukimpa kiazi cha kuchoma anakuuliza sosi iko wapi. Haya basi.

Mama yetu alikuwa mama pima. Alipika chang'aa nyuma ya jiko, bila leseni kama wenzake wote, na karo yetu ilitoka hapo. Kabla mteja hajapewa, Mama alionja kwanza, mbele yake. "Anayeuza asichoonja anauza kaburi," alituambia, na wazee walimwamini kwa hilo.

Kisha akaokoka. Jumapili moja alienda mbele kanisani, akalia, akaapa pombe haitagusa mdomo wake tena. Kuuza hakuacha, maana muhula ulikuwa unakaribia. Na kwa vile chifu alikuwa amemwaga pombe yake wiki hiyo, alinunua mtungi kwa mtu wa pikipiki tusiyemjua. Hakuonja. Kwake hiyo sasa ilikuwa dhambi.

Mimi, msichana wa miaka kumi, ndiye niliyegawa vikombe.

Kesho yake wazee watatu walirudi kutoa loki, yaani kuzimua pombe ya jana. Ilikuwa saa tisa mchana, jua kali, mlima unaonekana wote. Mzee Kinoti, jirani yetu, akasema kwa upole, "Kanana, mbona mmezima taa?" Nikacheka, nikidhani ni utani wake. Halafu wa pili naye akaomba taa. Na wa tatu. Walikaa pale kwenye benchi, macho wazi, wakilitazama jua bila kupepesa, wakiningoja niwashe. Asubuhi wawili walikuwa maiti, na Mzee Kinoti hakuona tena.

Kortini, hakimu alitaka kujua nani alihudumia. Mama akajibu, "Ni mimi peke yangu. Watoto walikuwa shuleni." Shule zilikuwa zimefungwa, na alikuwa ameapa kwa Biblia. Alifungwa miaka mingi, akatoka mzee, na jambo hilo hatukulizungumza hata mara moja mpaka tukamzika.

Siku hizi leseni inaning'inia ukutani, baa iliyo karibu na shule inafungwa, na anayeuza kwa kujificha anapigwa faini mpaka anauza ng'ombe. Vijana wangu huko Kinoru wanalalamika eti serikali imezidi. Wao wakiona kichupa kina lebo wanadhani ni dawa ya hospitali.

Mzee Kinoti yuko hai. Nikimsalimia sokoni hunishika mkono, akapapasa vidole kimoja kimoja, akasema, "Mkono huu naujua." Hajawahi kumwambia mtu. Nami kila mara namuuliza habari ya ng'ombe wake, naenda zangu, sijamwomba msamaha.