Nyumba Iliyokuwa na Mwenyewe

Mume wangu alistaafu kazi ya reli pale Sultan Hamud, na wiki hiyohiyo akanitangazia kwamba tunaanza kusafiri. Nilicheka. Mtu aliyewakatia wengine tiketi maisha yake yote, yeye mwenyewe safari zake zilikuwa kutoka stesheni hadi kwetu Mukuyuni, tena kukiwa na mazishi na baada ya kusukumwa. Mimi nilikuwa nimeacha ualimu mwaka mmoja kabla, na mipango yangu ilikuwa kuku, kikundi cha kina mama kanisani, na kulala mpaka jua litoke. Lakini mzee alikuwa na lake.

Zamani, reli ya Kenya, Uganda na Tanzania ikiwa chini ya shirika moja, aliwahi kufanya kazi Taveta. Kila siku alizungumza kwa simu ya stesheni na watu wa upande wa pili wa mpaka, akiwaambia treni imetoka, nao wakimwambia imefika. Alijua kikohozi cha kila mmoja wao, lakini sura zao hakuzijua. Sasa alitaka kuziona.

"Nataka nione wale watu nilikuwa napigia simu," aliniambia, "kabla wote wakufe."

Tulianza na Kisumu. Tukaenda Tororo, tukarudi na malaria ya kutosha watu wanne. Nilidhani yameisha. Hayakuisha. Miaka ya tisini ilipoanza, mzee akanivusha mpaka wa Taveta, tukapita Moshi, tukapita Same, mpaka kwenye kituo kidogo chini ya milima ya Upare, akimtafuta rafiki wa simu aliyekuwa na kikohozi kirefu kuliko wote. Tulikuta amefariki miaka mingi nyuma. Mzee alisimama pale kwenye reli kofia mkononi, nikamhurumia kweli. Kutembea kote huko kumsalimu mtu, na mtu hayupo.

Mwanawe, mwanamume wa makamo aliyefanya kazi Arusha, alikuwa likizo nyumbani. Alitupeleka kuona kaburi, kisha akatukaribisha katika nyumba ya baba yake. Ilikuwa nyumba kuukuu ya mawe, yenye veranda pana na vigae vilivyoshika ukungu. Madirisha ya mbao yalikuwa yamepinda. Popo walikuwa darini, na harufu yao ilikuwa sebuleni. Nisingeitazama mara mbili. Lakini mama wa yule bwana, bibi mwembamba mwenye kanga mbili, alitoka nyuma na birika, na nilipomfuata kumsaidia vikombe nikaona mfereji.

Maji yalipita nyuma ya jiko. Yalishuka kutoka mlimani yenyewe, mchana kutwa, bila mtu kuyaomba. Mimi ni mtoto wa Makueni. Nimechimba mchanga wa mto mkavu kwa bakuli, nikangoja maji yajikusanye kijiko kwa kijiko, huku punda akinitazama kwa dharau. Niliinama pale nikatia mkono ndani, na sikuutoa haraka. Niseme ukweli, niliona wivu.

Basi yule bwana aliposema kwamba anatafuta wa kuinunua nyumba, si mzee aliyejibu kwanza. Ni mimi. Watu wa kwetu mpaka leo wanamlaumu yeye, na sijawahi kuwasahihisha.

Tuliuliza habari za mama yake. Alisema atahamia kwake Arusha, wameshazungumza, na mama amekubali. Mama mwenyewe alikuwa jikoni.

Hapo ndipo tulipofanya kosa, na ni kosa la Wakamba. Kwetu, karatasi peke yake haiuzi ardhi. Lazima achinjwe mbuzi, na kila mwenye neno juu ya ardhi ile akae pale ale. Asiyekubali hagusi nyama, hata kama njaa inamtoa machozi. Ndugu ambaye hakula anaweza kuja baada ya miaka kumi akang'oa mpaka wako, na wazee watamuunga mkono. Aliyekula amemaliza maneno yake. Kwa hiyo, juu ya fedha alizomlipa yule bwana na karatasi waliyoandikiana, mzee alinunua mbuzi mwenyewe, ingawa yule bwana alishangaa ni wa nini, na majirani wakaitwa. Mimi nikampakulia bibi kwa mkono wangu. Alikula. Akaomba na mchuzi. Mzee akanigusa kwa kiwiko.

"Amekula," alininong'oneza.

Nilifurahi sana. Kwangu mimi hiyo ilizidi sahihi kumi.

Mukuyuni walipokea habari kama msiba. Kina mama wa kanisani walikuja kuomba, na mmoja akanivuta pembeni kuniuliza kama watoto wetu wametufukuza. Niliwaelezea ule mfereji, nikauongeza upana kidogo. Kijana wetu wa kwanza, karani wa mahakama huko Kitui, alikuja mbio akasema nchi ile mgeni hamiliki ardhi na karatasi yetu ni ya kufungia njugu. Mzee alikasirika.

"Mgeni ni nani?" aliuliza. "Mimi nimefanya kazi na hao watu shirika moja. Wewe ulikuwa hujazaliwa."

Yaani kwake nchi zilikuwa zimegawanyika kwenye redio tu. Kijana alirudi Kitui bila kumaliza chai.

Baada ya miezi miwili tulihama. Tulibeba sufuria, cherehani yangu, magodoro na kitanda kikubwa tulichochongewa na fundi wa pale soko la Kabati. Tulifika alasiri, lori likasimama mbele ya veranda, na pale kwenye mkeka bibi alikuwa anachagua maharage. Nilidhani amekuja kutukabidhi funguo. Aliinuka kwa furaha, akatupokea mikoba, akatuita wageni wake.

"Karibuni, karibuni sana," alisema. "Safari hii mtakaa siku ngapi?"

Nilimtazama mzee, naye alikuwa anatazama lori kana kwamba ni la mtu mwingine. Tuliuliza yuko wapi mwanawe. Majirani walisema amepata kazi kusini, mbali, na hakuacha anwani. Dereva alitaka kuondoka, akashusha kitanda uani.

Jioni ile, bibi akikuna nazi, nikajikaza nikamuuliza kama hapendi Arusha. Alishangaa. Arusha kufanya nini, alisema, na baridi ile, wakati yeye amezalia watoto sita humu ndani na watatu amewazika nyuma pale. Nikamkumbusha mbuzi, nikamuuliza kama alijua ni wa nini.

"Nilijua," alisema. "Mlikuja kunihani msiba wa mume wangu. Niliwaambia majirani, hawa watu wa Kenya wana heshima, wametoka mbali na mbuzi juu."

Tulikuwa tumempa nyama ya kumtoa kwenye nyumba yake, naye alikuwa amekula rambirambi. Nilipomweleza mzee alikaa chini kwenye ngazi, akafunika uso kwa kofia. Nilimkemea kwa nini hakuuliza. Akaniambia mbona mimi sikuuliza, na mimi ndiye mwenye Kiswahili kizuri. Tuligombana kwa Kikamba, kwa sauti ya chini, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa anatupikia.

Hatukuweza kumwambia. Tungeanzia wapi? Mwanao wa kuzaa amekuuza pamoja na nyumba? Tuliingiza kitanda katika chumba cha nyuma, tukakaa siku kumi na moja tukila chakula chake. Kisha tukarudi Mukuyuni. Njiani tulikubaliana kwamba tungoje kwanza. Hatukusema tunangoja nini, na hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Tukawa tunakwenda kila kiangazi kikikaza. Nilimpelekea sukari, ndengu na shuka. Mzee aliziba vigae, akafukuza popo, akapaka madirisha rangi. Majirani walitusifu wakasema bibi amepata watoto uzeeni. Mimi nilimuuliza habari za kifua chake, miguu yake na usingizi wake. Niliuliza mapema, hata kabla sijavua viatu. Nyumbani Mukuyuni nilimtaja kwenye maombi ya Jumatano, na kina mama wakaitikia amina, wakiniona mtu mwema.

Mwaka wa nne ilikuja barua ya jirani. Bibi ameanguka, hali yake si nzuri, njooni. Sikuwa nimemaliza kuisoma nilipojikuta nachagua mapazia. Namaanisha hivyo hasa. Kichwani nilikuwa nimeshafika sebuleni, nimetoa ile meza yake yenye mguu mbovu, nabishana na nafsi yangu kati ya rangi ya kijani na ya maziwa. Nilishtuka nikaigeuza barua kifudifudi mezani kana kwamba ndiyo iliyonifikiria vibaya. Mimi, mwalimu wa watoto wa watu, mweka hazina wa kina mama. Mzee aliniuliza nina nini, nikamwambia ni vumbi.

Tulimkuta kitandani, amekuwa mdogo, lakini macho yake yalikuwa yaleyale. Mzee alimsalimu shikamoo, kama alivyofundishwa huko, akatoka kukaa veranda. Mimi nilichota maji mferejini kwa beseni, nikayapasha moto kidogo, nikaanza kumwosha miguu. Nilikuwa nauliza maswali yangu ya kawaida. Je, unakula? Kifua je? Daktari amesema nini? Aliniacha nimalize.

"Mwanangu aliniambia ninyi ni wageni," alisema. "Lakini wageni hawaji na kitanda."

Mikono yangu ilisimama. Maji yalinidondokea kwenye magoti na sikujifuta. Nilimuuliza kama ina maana alijua.

"Tangu siku ile ya lori. Nilikaa nikafikiri, nikamfikiria na yule kijana wangu, nikajua." Alinipapasa bega, taratibu, namna mtu anavyomtuliza mtoto wa jirani. "Usihangaike, mama. Sitachelewa."

Hakuwa na hasira hata kidogo, na hicho ndicho kilichonimaliza. Kama angenitukana ningejitetea, maana kujitetea nakujua. Ningemtaja mwanawe, ningetaja mbuzi, karatasi, fedha za mzee zilizokwenda. Lakini alikuwa ananiomba radhi kwa kuendelea kuishi. Miaka minne nimekuwa nikimuuliza habari ya afya, na kila mara alikuwa anasikia ninachouliza. Na kila mara alikuwa amenijibu, akanipikia.

Nililia. Si kilio cha adabu. Kilinitoka kwa nguvu mpaka mzee akaita kutoka veranda kuuliza kumetokea nini. Nilimwambia bibi lile neno ambalo nilipaswa kumwambia siku ya kwanza, kabla lori halijazima.

"Bibi, hii nyumba ni yako."

Alinitazama kwa mshangao kidogo, kama vile mwalimu mzima ameshindwa na hesabu ya darasa la kwanza.

"Najua," alisema. "Kama si yangu, ningewakaribishaje?"

Mguu wa pili ulikuwa bado haujaoshwa. Niliuosha, nikaukausha kwa kanga yangu, nikamfunika. Kisha nikatoka nikamweleza mzee, neno kwa neno, naye akasikiliza akiwa amesimama. Asubuhi iliyofuata tuliingia wote wawili kumuaga kama wageni wanavyomuaga mwenye nyumba, akamwagiza jirani atufungie mihogo ya njiani, tukarudi Mukuyuni.