Bado Unywele Mmoja

Fundi wa kukereza vyuma tulimbandika jina la Mzee Bado, maana kwake kazi haikuisha: hata ekseli za malori, wenye magari walizipata kwa kumnyang'anya. Mkewe alimwomba amkerezee kalamu ya mbao kwa miaka ishirini. Kila akiulizia, jibu lilikuwa lilelile: "Bado unywele mmoja, mama watoto." Akafariki akiandikia kalamu ya dukani iliyopasuka, kaifunga kwa mpira.

Sasa mzee ameutoboa mpini wa mwiko wa marehemu, akaufunga kwenye mashine yake. Unazunguka, unga wa mbao unanukia vitunguu vya zamani, naye anapunguza, anapima, anapunguza tena.

"Baba, acha!" bintiye akafoka. "Utabaki na kijiti cha kuchokolea meno!"

"Bado nene, mwanangu."

"Mama alikuwa anashika kalamu kwa ngumi nzima, kama anakoroga chungu. Umeshasahau?"

Mzee akazima mashine. Akapachika mrija wa wino, akaikamata kalamu kwa ngumi nzima, akaandika nyuma ya kalenda: "Mama watoto, imekwisha."

Mwandiko ulikuwa mbaya ajabu, karibu sawa na wa mkewe. Akaupapasa kwa kidole mpaka wino ukatapakaa.