Mama Willis na Maiti wa Misri

Mtaa mzima wa Kware ulijua kwamba mtu akifa, kabla ya kuitwa pasta huitwa Roseline. Pasta ana ratiba, anaweza kuchelewa. Lakini matanga bila Roseline, mama yake Willis, yalikuwa kama mkutano wa wapangaji wa kulalamikia maji: watu wanakuja, wanakaa, wanaondoka. Roseline alijua kulia. Alikuwa akifika kwenye jeneza, anachungulia kile kidirisha cha kioo juu ya uso wa marehemu, kisha anaachia sauti iliyowashusha watu kutoka ghorofa ya saba, hata wale waliomsengenya marehemu mpaka jana yake.

Halafu sauti ikapotea. Mdogo wake, Awiti, alikwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, akaugua, akafa, akazikwa huko huko kabla simu haijafika Kware. Mwili haukurudi. Hata picha ya kaburi hawakuletewa. Kaka yao mkubwa, Owino, alitaka wafanye kama wazee wa kwao wanavyofanya mwili usipopatikana: lichukuliwe tunda la mti wa yago, lile refu na zito, lizikwe nyumbani badala ya Awiti. Roseline akakataa katakata.

"Awiti si tunda," alisema. "Na mimi silii kama sijaona uso."

Basi mwaka mzima alihudhuria mazishi tisa, akachungulia vidirisha tisa, akafungua mdomo, na hakikutoka kitu ila pumzi. Watu wa Kware hawana haya. Mmoja alimuuliza kama siku hizi amehamia kanisa lisilotaka kelele. Roseline alicheka naye, lakini moyoni aliogopa vibaya sana. Aliona kwamba asipomlilia Awiti hatamlilia mtu mwingine tena, na mdogo wake atakuwa amekwenda kimya kimya kama mtu asiye na kwao.

Safari ya Misri haikuwa yake. Ilikuwa ya Sagal, mama yake Sabrin, mwenye duka la mapazia Eastleigh ambako Roseline ameshona miaka kumi na mmoja. Sabrin ndiye aliyekuwa aende na mamake, ila akashika mimba ya kutapikia hata harufu ya chai, na magoti ya Sagal hayakuwa magoti ya kusafiri peke yake.

"Mama Willis, twende na wewe," Sagal akamwambia. "Siku moja makumbusho, siku nne bahari. Mimi nataka bahari, daktari alisema maji ya chumvi ni mzuri kwa goti. Hiyo makumbusho iko ndani ya tiketi tu, tutapita mbio."

"Na huko makumbusho kuna nini, Mama Sabrin?"

"Wafalme ya zamani."

"Picha zao?"

Sagal hakujua. Wakala wa safari alikuwa amemwonyesha bahari tu.

Kumbe si picha. Huko Cairo waliteremshwa kwenye ukumbi wenye giza la heshima, wakaambiwa wasipige picha wala kelele, wakapangwa foleni. Na mle ndani, chini ya kioo, alikuwa amelala mfalme mwenyewe, na meno yake.

"Ngai!" Roseline akanong'ona, akiazima ya Wakikuyu kwa mshtuko. "Huyu mbona hajazikwa?"

"Astaghfirullah," Sagal akasema. "Kwetu mtu akikufa asubuhi, jioni ako chini. Huyu amelala tangu lini?"

Mwongoza wageni akawaambia kwa sauti ya chini: miaka zaidi ya elfu tatu.

"Hata sisi Wajaluo hatujawahi kuweka mtu mochari hivyo," Roseline akasema. "Kamati ya mazishi ilienda wapi?"

Lakini foleni ni foleni, na kioo juu ya uso wa maiti Roseline alikijua kuliko watalii wote mle ndani. Miguu yake ikaanza yenyewe. Akajifunga leso kichwani, akapunguza mwendo, akazunguka kila sanduku kuanzia miguuni, akasimama kidogo usoni. Roseline alimpa pole mfalme wa pili. Wa tatu akamwambia apumzike salama. Sagal akamvuta mkono, akimkumbusha kwamba bahari inangoja, naye hakusikia.

Kisha akafika kwa malkia. Alikuwa mwanamke mdogo, mdogo kabisa, mikono imelala kando, na kichwani nywele zake bado zipo, zimesukwa. Usiku wa kuamkia safari ya Uarabuni, Roseline alikaa na Awiti katikati ya magoti yake mpaka saa nane akimsuka nywele hizo hizo, nyembamba, ili zikae miezi. Ilikuwa mara ya mwisho kumshika.

Sauti ikaja.

"Awiti nyamera! Awiti dadangu, yaye! Nani alikulaza hapa peke yako!"

Ukumbi mzima uliruka. Mtalii mmoja mwenye kaptula alianza kulia naye, kwa sababu anazozijua mwenyewe. Mlinzi akaja mbio, uso umekunjwa. Sagal akajisimamisha kati yao na magoti yake mabovu, akatumia Kiarabu chote alichobakiza cha madrasa.

"Mwache. Amefiwa. Ni dada yake."

Mlinzi akamtazama malkia. Akatazama kibao chenye miaka yake. Akamtazama Roseline aliyeinamia kioo, machozi yakidondoka juu yake. Alisimama kando, akazuia foleni mpaka Roseline akamaliza kulia, ndipo akawatoa nje.

Alasiri hiyo hiyo basi likawafikisha pwani. Roseline akagoma kuingia hotelini.

"Mama Sabrin, ukitoka mazishini huingii mlango wa mtu kabla hujanawa."

Wakazunguka kwa nje mpaka ufuoni. Kijana wa kulinda waogeleaji alipuliza filimbi, akiashiria kwamba bahari ni ya watu wenye nguo za kuogelea. Roseline akampita na gauni lake la kanisani, akaingia mpaka kiunoni, akanawa uso, akanawa mikono. Sagal akamfuata na baibui lake hadi kiunoni, akiomba Mungu na kushika simu juu, maana Roseline alikuwa ameomba Owino apigiwe mara moja.

"Owino," Roseline akasema, simu ikiwa sikioni mwake mkononi mwa Sagal. "Lile tunda liacheni. Nimemlilia Awiti."

"Umemlilia wapi? Umemwona?"

"Nimemwona. Nywele bado ziko vile nilivyomsuka."

Sagal akatazama kama simu imekatika. Kisha wakamsikia Owino akipenga kamasi, huko kwao.

"Haya," akasema. "Na umenawa?"

"Niko ndani ya maji."