Kipima Joto Kwenye Kiti cha Mgeni

Wiki iliyopita, katika baridi hii ya Juni inayopasua midomo, nilikuwa sebuleni kwa mfanyabiashara mmoja wa hapa Sumbawanga. Alikuwa ameagiza kidude cha ajabu: saa yenye kipima joto, iliyofungwa kwa mnyororo kwenye kijimlango cha jiko la kuni. Alikuwa amekipigilia ukutani, palepale juu ya jiko.

"Nimekipangia," alituambia sisi wageni wake huku akifuta jasho. "Alfajiri kinafungua hewa, moto unawaka. Nyumba ikipata joto, kinafunga chenyewe."

Kweli, kilifunga. Bibi mmoja wa kijiji cha Pito, aliyekuwa ameleta ulezi wake, aliketi kwa adabu karibu na mlango. Akajikunyata ndani ya kanga.

"Mbona unatetemeka, bibi? Kidude kinasema joto limetosha!" mwenye nyumba akamwambia.

Bibi akainuka, akaweka kiganja ukutani chini ya kile kidude, akacheka.

"Mwanangu, hakidanganyi. Umekipa kiti cha mgeni, karibu na moto. Kwangu, mimi ninayechochea moto ndiye ninayekaa mlangoni. Nikianza kutetemeka, naongeza kuni."

Mwenye nyumba akaenda kutafuta nyundo.

Ningeyasahau hayo, ila juzi niliitwa bomani pamoja na wenzangu. Bwana mkubwa wa wilaya alitueleza kwamba watu wa Ufipa wameridhika, hawana shida. Nilitazama moto uliokuwa ukiwaka nyuma ya kiti chake, kisha benchi letu la mlangoni, ambako kila mtu alikuwa ameficha mikono kwapani.