Spika Iliyokataa Kunyamaza

Kazi yangu ilikuwa kuandika maneno ya watu. Ofisi yetu, chumba kimoja cha kupanga mjini, mtaa wa Mafiga, ilikuwa ikifanya utafiti kuhusu wakulima wa viungo. Ushirika wao ulishakufa, na kila mfanyabiashara mwenye lori alikuwa akipanda milima ya Uluguru kununua mdalasini kwa bei aliyoitaka mwenyewe. Mtafiti alikwenda milimani na kinasa sauti. Mimi nilibaki mezani, hedifoni masikioni, nikiandika neno kwa neno. Kila aliyehojiwa aliahidiwa kwamba sauti yake haitatoka nje ya kazi.

Kompyuta ilikuwa ya mtumba. Fundi aliiwekea Linux, mfumo wa bure, kwa kuwa hatukuwa na fedha za leseni. Ilifanya kazi vizuri, ila ukichomeka hedifoni haikutambua kwamba umechomeka. Sauti ilikuja masikioni, na spika ndogo iliyokuwa ndani ya kasha la kompyuta nayo ikaendelea kusema. Fundi alisafisha tundu la hedifoni la mbele. La nyuma lilishakufa kabisa. Alibadilisha mipangilio, wapi! Alinieleza kwamba ndani ya tundu mna kibati kinachosukumwa na pini ya hedifoni ili kompyuta ijue, na chetu kimelegea.

"Dada, usiiamini," alisema. "Kila ukiiwasha, zima spika mwenyewe hapa kwenye dirisha la sauti. Halafu vua hedifoni, usikilize kama kweli imenyamaza."

Nilifanya hivyo kwa wiki nyingi.

Chai tuliletewa na dada mmoja aliyenizidi umri kidogo, mzaliwa wa Kinole, huko milimani. Yeye ndiye aliyempeleka mtafiti kijijini kwao, na miongoni mwa waliohojiwa alikuwamo mama yake mzazi.

Asubuhi moja umeme ulikatika, ukarudi. Nikawasha mashine kwa haraka, nikachomeka hedifoni, nikafungua rekodi ya yule mama. Alianza na habari za wanunuzi. Kisha sauti ikashuka, nami nikawa narudisha nyuma ili nimwelewe. Nilimsikiliza mara tatu.

"Miti nimeiuza ikingali michanga. Hospitali nimeacha kwenda. Hili titi limeshapasuka. Binti yangu yuko mjini, ana watoto wake wa kulisha. Nakuomba, baba, asijue."

Nilipoinua macho, dada wa chai alikuwa amesimama mlangoni na birika lake.

"Huyo ni mama," alisema.

Nikavua hedifoni. Chumba kizima kilikuwa kinazungumza kwa sauti ya mama yake.

"Dada, nisamehe, sikujua kama…"

"Iache iishe."

Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka birika chini, akaondoka. Mchana ule ule alipanda Kinole.

Mama yake alimuuliza, "Nani kakuambia?" Hakujibiwa. Basi akaamini ni mtafiti. Mtafiti aliporudi kwa duru ya pili ya mahojiano, yule mama aliingia ndani akafunga mlango. Mtafiti alishuka mjini akiwa ameumia, akaniuliza kama najua amekosea nini. Nilisema sijui.

Masika hayajaisha, tukaletewa taarifa ya msiba. Tulikwenda kuzika, mimi na mtafiti. Baada ya maziko dada yule alinivuta pembeni.

"Nimemwogesha kwa mikono yangu miezi miwili," alisema. "Nisingejua, angekufa peke yake. Lakini kila nikimgusa alikuwa anaona aibu. Sijui nikushukuru, sijui nikulaumu."

Nilimshika mkono. Hakuuondoa, wala hakunishika. Ofisini hakuja tena.

Tulipokuwa tunateremka kwa miguu kulifuata gari, nilimweleza mtafiti yote: umeme, spika, ule uongo wangu wa kusema sijui. Alitembea, viatu vikiteleza kwenye tope.

"Kwa hiyo yule mama amekufa akiniona mwongo," alisema.

Tuliendelea kuteremka.